Mabaraza ya Mataifa na Maumivu ya Mnyama Mmoja

Somo la mwezi huu ni habari ya kazi ambayo wengi wetu hatukuzoea kuihesabu kuwa kazi. Ni kazi ya watu waketio katika mabaraza ya mataifa, wakajadiliana siku nyingi juu ya tembo na kasa, punda na samaki, jinsi wapasavyo kutunzwa na jinsi wasivyopasa kuteswa. Mtu wa Kilambo akisikia hayo aweza kucheka na kusema, Watu hao wameshiba. Hatumlaumu, kwa kuwa yeye amekesha shambani akipiga debe, viboko wasije wakaumaliza mpunga wake. Lakini twamwomba asome kwanza, kwani mabaraza hayo yameugusa mto wetu wa Ruvuma na bahari yetu tangu kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, na mara nyingi sisi hatukuulizwa neno.

Tuanze na mto. Ruvuma ni mpaka tangu Wajerumani na Wareno walipopatana mwaka 1886, ingawa huku mlangoni mambo yalikwenda vingine kwa muda. Maana mwaka 1894 Wajerumani waliichukua na Kionga iliyoko ng'ambo, na Wareno hawakuipata tena mpaka wakati wa vita kuu ya kwanza. Leo mtu avukaye kutoka Kilambo kwenda Namoto huonyesha hati yake, hata kama aenda kumzika shangazi, kwa sababu Wamakonde wako pande zote mbili, na makaburi yao vilevile. Lakini kiboko hulala upande huu akala upande ule. Huko juu, pande za Tunduru na Nanyumbu, tembo huvuka maji yakipungua, wakaingia Niassa, kisha wakarudi. Na kasa ajaye kutaga katika mchanga wa Msimbati aweza kuwa amelisha majani ya bahari ya Msumbiji miaka kadha; naye akiisha kutaga huenda zake, wala hatuagi.

Kwa sababu hiyo sheria ya nchi moja haitoshi. Mlinzi wa upande huu akimfukuza mwindaji, mwindaji huingia mtumbwini, na katikati ya mto sheria yetu imekwisha. Kasa akihifadhiwa Mnazi Bay, naye akauawa kisiwa cha pili, kazi ya Mnazi Bay imepotea bure. Ndipo mataifa yakaona kwamba hayana budi kupatana.

Mapatano ya kwanza ya namna hii juu ya wanyama wa Afrika yaliandikwa London mwezi wa Mei, mwaka 1900. Waliotia sahihi ni Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia, na ile Kongo iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold. Iangalieni orodha hiyo. Ujerumani na Ureno walikuwamo, ndio waliozishika kingo mbili za Ruvuma; mtu wa Afrika hakuwamo hata mmoja. Wajumbe wale waliwagawanya wanyama mafungu. Wengine walikuwa wa kuhifadhiwa, ama kwa kuwa ni adimu ama kwa kuwa wana faida. Wengine wa kupunguzwa kwa kuwa ni waharibifu, kama simba, chui na mamba, hata mayai ya mamba yalitakiwa yavunjwe. Wakataka pia kupunguza nyavu na mashimo ya kutegea, ndivyo vyombo vya uwindaji vya watu wa nchi, lakini bunduki ya mwenye leseni ikabaki na heshima yake. Tena wakataka watu wakatazwe kuvua samaki kwa baruti na sumu katika mito na maziwa.

Mapatano yale hayakupata nguvu ya sheria, kwa maana baadhi ya serikali hazikuyaridhia. Walakini twayataja kwa sababu hii: mwenendo wake ulikaa muda mrefu katika mapatano yaliyofuata. Mnyama alitazamwa kama mali. Swali lilikuwa, Wamebaki wangapi, nao wana faida gani? Hakuna aliyeuliza mnyama mwenyewe aona nini mguu wake ukiwa mtegoni, wala hakuna aliyemwuliza mtu wa kijijini aona nini mnyama akiwa shambani mwake. Maswali hayo mawili yalisahauliwa pamoja, nasi twadhani hayatapata jibu jema yakitenganishwa.

Baadaye yalifuata mapatano mengine ya London mwaka 1933, yaliyoanza kutumika mwaka 1936, ambayo yalikaza habari ya hifadhi kubwa za taifa. Mwezi wa Septemba 1961, Tanganyika ikikaribia uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha juu ya wanyama wa porini, kwamba kuwatunza ni amana ya nchi yenyewe. Mwaka 1968 nchi za Afrika zenyewe zilipatana huko Algiers. Kisha mwaka 1973, huko Washington, yakaandikwa mapatano juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambayo kwa herufi zake za Kiingereza huitwa CITES. Tanzania iliingia mwaka 1979. Hayo ndiyo mapatano yenye meno kuliko mengine, kwa sababu nchi isiyoyatii yaweza kufungiwa biashara.

Mfano wa tembo wajulikana, lakini watu huusimulia nusu tu. Mwezi wa Oktoba 1989, katika mkutano wa CITES huko Lausanne, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotaka pembe za ndovu zisiuzwe tena kati ya mataifa, na mkutano ukakubali. Mwaka ule ule serikali yetu ilituma askari porini katika Operesheni Uhai. Bei ya pembe ikaanguka, na kwa muda tembo wakaongezeka. Hata mwaka 2009 nchi nzima ilihesabu tembo kama 109,000. Kisha tamaa ikarudi, pamoja na fedha kutoka mbali, na hesabu ya mwaka 2014 ikaonyesha tembo 43,000 hivi. Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, waliokuwa kama 12,000 mwaka 2011 walibaki kama 4,400 mwaka 2014. Basi, aonaye kwamba neno lililoandikwa Ulaya lazuia risasi porini, na azifikiri hesabu hizo.

Hiyo ndiyo nusu isimuliwayo. Nusu ya pili ni kwamba hesabu ya maelfu haisemi lolote juu ya tembo mmoja. Mtego wa waya ukimshika mguu, naye akaukata waya kwa nguvu zake, hutembea nao miezi, nao huingia ndani ya nyama mpaka mfupani. Yako maboga yaliyotiwa sumu, ambayo huua polepole. Ndama hubaki kando ya mama yake aliyelala, asiondoke. Katika vitabu aina ya tembo yaweza kuongezeka, huku tembo huyu mmoja aoza mguu; wala mapatano ya namna ya kwanza hayana mahali pa kuliandika jambo hilo.

Neno litumiwalo sasa kwa nusu hiyo ya pili ni ustawi wa wanyama, nalo lapatikana katika sheria ya nchi yetu ya mwaka 2008. Ni neno jema, tena ni neno la shambani. Mhogo hustawi, mtoto hustawi, kijiji hustawi. Hatusemi kwamba mhogo umestawi kwa sababu haujafa. Vivyo hivyo mnyama hakustawi kwa sababu aina yake haijatoweka. Hustawi akipata maji, chakula, nafasi ya kwenda kwa desturi yake, na akiondolewa maumivu yasiyo na sababu. Torati ya Musa yenyewe ilimpa ng'ombe na punda siku ya kupumzika, wala haikungoja kwanza wapungue.

Tulete mfano wa baharini, maana hapa ndipo msomaji wetu wa pwani ana elimu kuliko wajumbe wa mabaraza. Kasa ni mnyama apumuaye hewa kama sisi. Mvuvi ategaye jarife kwa ajili ya papa hamtaki kasa. Lakini kasa akinaswa usiku, hawezi kupanda juu kupumua, naye hufa maji, yeye aliyezaliwa kuishi majini. Wako waliomvua kwa makusudi, hata zamani kwa kumtumia samaki aitwaye chazo, afungwaye kamba mkiani na kujibandika juu ya gamba lake. Na mahali pengi duniani kasa aliyekamatwa alilazwa chali juani, yu hai, siku nyingi, ili nyama isiharibike kabla ya mnunuzi kufika. Sasa fikirini: kama mabaraza yahesabu tu viota na vifaranga, kasa huyo aliyelala chali ni mmoja tu aliyepungua katika hesabu. Akifa mara moja au akifa kwa siku saba, hesabu ni ile ile. Sisi twasema si ile ile.

Habari ya baruti nayo ni vivyo hivyo. Bomu likilipuka majini, samaki hupasuka kibofu cha hewa kilichomo ndani yake. Wachache huelea wakaokotwa, na wengi huzama chini, wengine wakiwa hai bado. Matumbawe huvunjika, na mahali palipokuwa nyumba ya samaki pakawa kifusi. Hapa maumivu ya mnyama, uharibifu wa bahari, na njaa ya mtu ni jambo moja lenye majina matatu. Na lazima tuandike, kwa heshima ya pwani yetu, kwamba waliolipigia kelele jambo hili hawakutoka Ulaya. Katika miaka ya 1990 wavuvi na wanavijiji wa Mtwara na Lindi walifanya shirikisho lao wenyewe, wakawashitaki wapiga baruti na kupeleka malalamiko yao kwa wakubwa wa serikali. Wengine walikuwa wakiwashitaki majirani zao, hata ndugu zao, jambo lisilo jepesi mahali ambapo kesho mtachota maji kisima kimoja. Mwaka 2000 ikafanywa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba kama 650, bahari na nchi kavu pamoja na mikoko. Mwaka wa pili yake, 2001, Tanzania ikatia sahihi mapatano ya nchi za Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki juu ya kuwatunza kasa. Milipuko yenyewe ilipungua sana baada ya serikali kukaza mkono kuanzia miaka ya 2015 na 2016. Hesabuni wenyewe miaka kutoka London 1900.

Turudi kwenye mapatano ya CITES, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo hata wanasheria hulipita haraka. Yasema kwamba mnyama aliye hai hawezi kupewa kibali cha kusafirishwa mpaka wenye mamlaka waridhike kwamba atafungwa na kuchukuliwa kwa njia itakayopunguza hatari ya kuumia, kuugua, au kutendwa kwa ukatili. Na kwa wanyama walio katika hatari kubwa, ampokeaye lazima awe na mahali na uwezo wa kumtunza. Basi tangu mwaka 1973 kulikuwa na mlango mdogo katika ukuta wa hesabu, ambamo maumivu ya mnyama mmoja yaliweza kuingia. Kwa miaka mingi mlango huo ulifunguliwa kidogo tu. Nchi yetu wenyewe tulijifunza kwa aibu: mwezi wa Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, na twiga wanne miongoni mwao, walitoroshwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro mpaka Qatar. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kupeleka nje wanyama hai wa porini. Kisha mwezi wa Agosti 2019, huko Geneva, wanachama wa CITES walikata shauri kwamba tembo wa Afrika wakamatwao porini wasipelekwe hai kwenye bustani za nchi za mbali, isipokuwa kwa sababu zisizo za kawaida. Kabla ya hapo watoto wa tembo walikuwa wakitengwa na mama zao huko Zimbabwe wakapelekwa China. Shauri la Geneva halikukatwa kwa sababu aina ya tembo ingetoweka kwa watoto wale wachache. Sababu kubwa ilikuwa kwamba tembo ni mnyama wa jamaa, na kumtenga ni kumtesa. Hapo mlango ulifunguka wazi.

Tena tufike Nairobi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilianzishwa mwaka 1972, na makao yake yako Gigiri, Nairobi. Baraza lake kuu, ambalo nchi zote 193 ni wanachama, lilikutana mara ya kwanza mwaka 2014. Katika mkutano uliokwisha tarehe 2 Machi 2022, baraza hilo lilipitisha azimio juu ya ustawi wa wanyama, mazingira na maendeleo, jinsi mambo hayo matatu yalivyofungamana. Ghana ndiyo iliyolileta, na nchi kadha za Afrika zikaliunga mkono, pamoja na Pakistan. Twapenda wasomaji waliweke hilo moyoni, maana tumezoea kusikia kwamba huruma kwa wanyama ni shauri la Wazungu wenye mbwa wa ndani. Azimio lile lilikiri kwamba ustawi wa wanyama waweza kusaidia katika kuyatunza mazingira na kuzuia magonjwa yatokayo kwa wanyama kuwapata watu. Likaziita nchi ziwalinde wanyama na makao yao. Likamwagiza mkuu wa shirika afanye taarifa ya jambo hilo pamoja na mashirika ya afya, ya chakula, na ya afya ya wanyama. Kumbukeni kwamba ulimwengu ulikuwa bado katika tauni ya korona, na watu walikuwa wakiuliza masoko ya wanyama waliosongamana matunduni yaweza kuzaa nini.

Siku ile ile baraza lilikubali kuanza majadiliano ya mapatano juu ya taka za plastiki. Hili nalo lamhusu kasa, kwa kuwa mfuko ueleao majini humdanganya, akaumeza kama chakula. Tanzania bara ilikataza mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ilitangulia, lakini mkondo wa bahari hauna habari na tangazo letu. Mataifa yalipokutana Geneva mwezi wa Agosti 2025 hayakupatana.

Kazi hii hufanywaje? Yafaa vijana waijue, maana yafanana kidogo sana na picha walizo nazo. Kwanza nchi moja huandika maneno na kuyapeleka kwa wengine. Kila nchi huyasoma na kuweka pingamizi zake. Neno lisilokubaliwa hutiwa katika mabano, na ukurasa ukifika mezani waweza kujaa mabano kama dema lililojaa samaki. Kisha wajumbe huketi, mara nyingi mpaka usiku wa manane, wakiyaondoa mabano moja baada ya jingine. Mmoja ataka neno "wapaswa", mwingine ataka neno "wahimizwa". Na kati ya maneno hayo mawili yaweza kupita meli nzima ya ng'ombe wenye kiu. Watu wa vyama visivyo vya serikali huketi nyuma. Hawana kura. Lakini mjumbe aliyechoka, ambaye nchi yake ilimtuma peke yake kwa mikutano mitatu ya saa moja, humshukuru mtu wa nyuma ampaye karatasi moja yenye habari za kweli. Chama kimoja cha namna hiyo, Africa Network for Animal Welfare, kilianzishwa Nairobi mwaka 2006, na tangu mwaka 2017 kimeitisha mikutano ya Afrika juu ya ustawi wa wanyama pamoja na shirika la Gigiri. Neno la Machi 2022 halikuanguka kutoka mbinguni; lilibebwa na watu miaka mingi kwenye korido.

Hapa tuna manung'uniko yetu madogo. Baraza hilo lakutana mahali ambapo bawabu, mpishi, na dereva husema Kiswahili, lakini nyaraka zake hutoka kwa Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Mvuvi wa Msimbati hawezi kulisoma neno lililopitishwa juu ya bahari yake.

Watu huuliza, Azimio lisilo na adhabu lafaa nini? Ni swali la haki. Azimio la Nairobi halimfungi mtu. Nchi yaweza kulipigia kura asubuhi na kulisahau jioni. Sisi twaona faida yake ni kama faida ya mti wa mpaka shambani: hauzuii mwizi, lakini mkifika kwa mzee wa baraza mna kitu cha kuonyesha. Tazameni habari ya punda. Ngozi ya punda ilitafutwa sana kwa ajili ya gundi ambayo China hutengenezwa dawa, na machinjio yakafunguliwa Afrika, pamoja na huku kwetu Dodoma na Shinyanga. Punda waliswagwa safari ndefu bila maji, wengine waliibwa usiku, na mwanamke aliyekuwa na punda wa kumchotea maji akayachukua tena kichwani mwake. Mwezi wa Desemba 2022 watu wa nchi nyingi za Afrika walikutana Dar es Salaam juu ya jambo hilo. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, huko Addis Ababa, walikubali kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Maneno ya kuyasemea hayo yalikuwa tayari, kwa sababu wengine walikwisha kuyatafuta.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo huulizwa kwa hasira. Zahanati haina dawa, nanyi mwasema juu ya kasa? Hatutaki kulijibu kwa upesi. Ni kweli kwamba mara nyingi gharama ya huruma ya mataifa hulipwa na maskini. Mvuvi aliyezuiwa pwani yake bila kupewa chombo cha kwenda kina kirefu amelipa. Mkulima aliyelala juu ya dungu miezi mitatu amelipa. Kwa kanuni za mwaka 2011 serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kuumizwa. Majina yenyewe yakiri kwamba ni kufuta tu, si kulipa. Mtu akisha kuonewa hivyo, atawezaje kumhurumia kiboko? Atatega waya, na waya utakamata yeyote. Kwa hiyo ukatili mwingi tuuonao porini na baharini umeanza kwa dharau iliyotendwa kwa watu. Mwenye kazi katika mabaraza asiyeijua habari hii ataandika sheria nzuri, na waya utaendelea kufungwa.

Wala haifai kudhani kwamba njia ya tatu haipo. Katika Kenya na huku kwetu watu wamejaribu ua wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo humwogopa nyuki, na pia kamba zilizopakwa pilipili na mafuta. Tembo hugeuka bila jeraha, na mwenye shamba hupata asali. Kwa kiboko bado hatujaona dawa nyepesi hivyo. Ua imara na mtaro hugharimu, na kijiji maskini hakiwezi peke yake. Hapo ndipo yapasa fedha zinazosemwa katika mabaraza zishuke mpaka bonde la Ruvuma, na hapo ndipo twahitaji mtu wa kwetu mezani, awaulize, Zimeishia wapi?

Kijana atakaye kazi hii ajiandae kwa mambo ambayo hayana utukufu. Ajue Kiingereza sawasawa, na Kifaransa au Kireno kikiongezeka ni vema. Sisi wa mpakani Kireno chatujia sokoni. Ajifunze ama sheria, ama udaktari wa mifugo huko Sokoine Morogoro, ama utunzaji wa wanyama huko Mweka, chuo kilichofunguliwa mwaka 1963. Lakini kwanza ajue kitu kimoja kwa mikono yake: jinsi kasa anavyonasuliwa jarife lisipasuke, mayai yake hukaa mchangani muda gani kabla ya kuanguliwa, kiboko hupita njia gani na saa ngapi. Mjumbe ajuaye hayo hupata kusikilizwa hata na nchi kubwa, kwa sababu chumba kizima chenye suti hakina mwingine aliyewahi kuyaona. Na akirudi, asitume taarifa wizarani tu. Aje kijijini, akae chini, aeleze kwa Kiswahili yaliyosemwa, akubali kuulizwa na wazee maswali yasiyo na adabu ya Gigiri.

Vikundi visomavyo gazeti hili pamoja na vizungumze haya. Kasa akikutwa hai katika jarife, na wavu lazima ukatwe ili atoke, hasara ya wavu ni ya nani: ya mvuvi, ya kijiji, au ya mataifa yaliyotia sahihi? Je, yuko mtu katika kijiji chenu aliyeulizwa pwani ilipofungwa, na kama yuko, alijibu nini? Ng'ombe na mbuzi wafikao mnadani kwa lori, je, wamekunywa maji tangu lini? Na katika vijana wenu wa kidato cha nne, ni nani ajuaye njia za kiboko, ambaye baba yake angekubali asome miaka saba ili akaketi mbele ya ukurasa uliojaa mabano?